Saa ya Machweo

Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu ya Antwerp,
na kabla abiria hajapanda nilikwisha kumjua:
kofia nyeusi na ndevu, huyu hasalimu.
Nywele za buluu, pete puani, huyu hana tiketi.
Kioo cha dereva ni kipana.
Nilidhani ndiyo macho.

Sasa figo zangu zimegoma,
na abiria ni mimi:
saa nne nzima kitini,
mashine ikizungusha damu yangu kama nguo za wiki.

Kushoto ni Bwana Fishl Zuckerbrot,
aliyeng'arisha almasi hadi vidole vikapinda.
Kulia ni Veerle, mpiga ngoma wa bendi ya makelele,
mikono imechorwa miiba, nyoka, na fuvu linalocheka;
Hanane, muuguzi, humtafuta mshipa katikati ya majani.

Usiniambie damu zetu ni moja.
Hanane hubandika jina kwenye kila mrija,
anakagua, anakagua tena,
maana akichanganya, tunakufa.

Siku ya kwanza Veerle alimnyooshea Fishl mkono.
Hakuupokea. Aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa.
Nikasema moyoni: si nilijua?
Veerle akautazama mkono wake uliobaki hewani,
akauweka kifuani naye,
fuvu likalala juu ya moyo.
Yakaisha baina yao.
Donge nilibaki nalo mimi, wiki mbili.

Jumatatu na Jumatano tulikaa pamoja.
Ijumaa sisi wawili asubuhi, yeye alasiri.
Novemba ilipofupisha siku, Fishl alinigeukia:
Nipe asubuhi yako ya Ijumaa.
Jua likizama Sabato imeingia,
na mimi nitakuwa bado nimefungwa mirija hapa.

Nikamjibu: Mimi sina dini, nina ratiba.

Veerle akatoa kidude kimoja sikioni.
Chukua yangu, akasema, akakirudisha.

Ijumaa jioni ndiyo ilikuwa siku yake ya mazoezi.
Nilimwuliza Fishl alipokwenda: Kwani unaamini?
Hapana.
Sasa?
Yeye anaamini. Haitoshi?

Januari, theluji dirishani, Fishl akaniuliza
swali ambalo nadhani alilibeba muda mrefu:
Nyinyi msio na Mungu, mkifiwa hufanya nini?
Nilitaka kukasirika. Kumbe naye alikuwa na kioo chake,
na ndani yake mimi ni mtu asiyejua kulia.
Nikamwambia: Godelieve alipokufa
niliitoa betri ya saa ya jikoni.
Mpaka leo ni saa tatu na robo.
Alinyamaza mpaka mashine ikalia, Hanane akaja, akaondoka.
Halafu akasema:
Sisi hufunika vioo.

Sitadanganya kwamba tumekuwa ndugu.
Fishl hufumba macho Veerle anapopiga ngoma mapajani,
wala si kwa kufurahia.
Veerle bado huja na mkate wa nyama ya nguruwe,
ila siku hizi huumalizia kwenye korido.
Na mimi siamini chochote kilicho juu ya nyaya za tramu.

Lakini kila Alhamisi nafungua gazeti,
naruka siasa, naruka mpira,
natafuta kimstari kile kidogo chini ya hali ya hewa.
Kesho: saa kumi na moja na dakika saba.
Nahesabu: atoke saa ngapi, apate tramu gani,
kama reli haijaganda pale kwenye kona ya bustani.

Jana nilimwandikia Veerle:
Ijumaa chukua asubuhi yangu, mimi nitakuja alasiri.
Akajibu usiku wa manane:
Umechelewa, mzee. Bendi imepata mpiga ngoma mwingine.

Kisha, baada ya dakika kumi:
Lakini nitaichukua.